Ngege Asiye na Jicho

Baba,

Ulituachia brashi saba, ngazi moja yenye mguu mbovu, na tuhuma. Brashi niligawa, nikabakiza moja. Ngazi Mama aliipasua kuni. Tuhuma niliirithi mimi, nikaitunza kuliko vyote, na leo nakuandikia kwa sababu nimegundua haikuwa ya kweli. Odhiambo, mwanafunzi wako wa duka, hakukuibia.

Ngoja kwanza, usikasirike. Najua ulivyokuwa ukikasirika, unavua kofia na kuitazama ndani kana kwamba kuna mtu amejificha humo. Nitaeleza yote tangu mwanzo, na utaona kwamba hata mimi sikutoka safi.

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike nyumbani, upande wa Sondu. Mama bado yuko Kaloleni, nyumba ile ile ya kanjo, ya baraza la mji. Magoti yanamsumbua lakini mdomo haujambo. Kondele usingeitambua. Kuta ulizochora wewe karibu zote zimepakwa rangi na makampuni, duka zima jekundu, la jirani zima buluu, kuanzia kwenye bati hadi chini, na maandishi juu yake yote yanafanana. Wenye maduka hawalipi kitu. Wewe ulisema mtu anayekupa rangi ya bure anautaka ukuta, na kweli ameuchukua. Ngege wako wa mwisho, yule samaki wa ziwani uliyemchora kila mahali, alikuwa kwenye kibanda cha yule mama wa samaki karibu na steji ya matatu. Nilipita siku wanamkwangua. Walianza na mkia. Nilisimama pale na mfuko wa sukuma wiki mkononi, nikalia mbele za watu kama mtoto mdogo.

Siku hiyo ndiyo niliamua kutafuta ukuta usiokwanguliwa.

Upo, Baba. Unaitwa websaiti. Ni kama bango, ila halitundikwi popote, linakaa ndani ya kompyuta, na mtu aliye ng'ambo akifungua kompyuta yake analiona kama vile amesimama barabarani Kondele. Najua utauliza limeshikiliwa na nini. Nimeuliza pia. Nimejibiwa mara tatu na bado siamini sana.

Anayefundisha ni Mwalimu Zainabu, Mwislamu wa hapa hapa Kaloleni, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani enzi za kujenga reli. Ana chumba ghorofani nyuma ya stendi ya mabasi, kompyuta sita, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama kochi la mgeni. Siku ya kwanza nilimtazama sana. Mtu akifunika kitu vizuri hivyo, wewe ulinifundisha kujiuliza kuna nini chini. Isitoshe, mji mzima unasema mwaka elfu mbili ukifika kompyuta zote zitazimika. Nikamuuliza kwa nini anatufundisha kazi ya kitu kitakachokufa Desemba. Akacheka, akasema, "Atieno, hata wewe utakufa, na bado mama yako alikupeleka shule."

Sikupenda jibu hilo. Lilikuwa zuri mno.

Na mashine yenyewe, Baba, mngepatana. Haiamini mtu. Ukitaka kufuta kitu, inauliza kama una hakika. Ukitaka kufunga, inauliza tena. Nusu ya wiki ya kwanza nilikaa nimeshika kipanya, kile kidude cha kusukuma mezani, nikijiuliza imeona nini kwangu mpaka inihoji hivyo.

Nilitaka kitu kimoja tu: ngege wako aogelee humo ndani. Si mbuta. Nakumbuka ulivyokataa kuchora mbuta hata walipokuja watu wa viwanda vya samaki. "Huyo ni mgeni ziwani, kwao hatujui, na ameshakula wenyeji." Kumchora ngege kulinipa taabu kwa sababu stenseli zako, zile plastiki ulizokata umbo la kupakia rangi, hazikuwepo, na wewe unajua kwa nini hazikuwepo, au tulidhani tunajua. Ilibidi nichore kwa kukumbuka. Samaki haogelei kwenye kompyuta mpaka umchore mara nyingi, kila mara mkia umesogea kidogo, halafu mashine inaonyesha picha hizo upesi upesi, jicho linadanganyika. Nilimchora mara sita. Mara ya kwanza kumwendesha, akaogelea kinyumenyume, mkia mbele, kichwa nyuma, darasa zima likaangua kicheko. Nilikuwa nimemchora anatazama kushoto nikamwamuru aende kulia. Lakini unajua nilichofikiri kwanza? Nilifikiri kuna mtu amemgeuza nilipoenda chooni.

Halafu nikafika kwenye jicho.

Sijasahau sheria ya duka lako. Stenseli ya ngege haikuwa na jicho. Ulimaliza magamba, mapezi, maandishi, ukashuka kwenye ngazi ukaacha samaki kipofu hata wiki nzima. "Kwanza mwenyewe akuje." Mwenye kazi akishafika na kusimama mbele, ndipo ulipoweka nukta nyeupe na nukta nyeusi ndani yake. Ulisema mtu akikuta kazi imeisha anaweza kuikana, lakini aliyeona samaki akifunguliwa jicho hamkani tena. Wengine walidhani ni uchawi. Mimi nilijua ni kwa sababu ulikuwa humwamini mteja yeyote kati ya ziwa na Kericho.

Basi nikamwomba Mwalimu Zainabu anifundishe namna ya kumfanya ngege awe kipofu mpaka mtu amguse kwa mshale wa kipanya, halafu jicho litokee. Akasema kuna maandishi ya kufanya hivyo, magumu kidogo, na kwamba tangu aanze kufundisha hajaona mtu akiyatumia vile. Yalinichukua mwezi. Koma moja ikikosekana, hakuna kinachotendeka na hakuna anayekuambia. Lakini siku lilipotokea jicho lile, Baba, nilirudi nyuma kwenye kiti. Uliingia chumbani. Sina neno lingine.

Na hapo ndipo ugonjwa wetu wa kushuku ulipoanza kunipanda.

Mwalimu alikuwa amepata mwenye hoteli moja ya huko ufukweni aliyetaka websaiti ya kuwaita wageni, akasema ataonyeshwa kazi zetu na achague mtengenezaji. Nikaanza kuona mambo. Kwa nini mwalimu anaingia kwenye kazi yangu kuisahihisha nikiwa sipo? Kwa nini ametuambia tuache kurasa zetu ndani ya mashine yake? Nikafanya kama ambavyo wewe ungefanya. Ukurasa niliuacha, lakini picha za samaki sikuziacha. Nilizitia kwenye disketi yangu, kile kibao cha plastiki cha kuwekea kazi, na kila nikiondoka niliondoka nayo kifuani, ndani ya nguo, pamoja na kitambulisho.

Asubuhi mbili nilifungua ukurasa nikakuta samaki hayupo. Mahali pake kijisanduku kitupu chenye alama nyekundu ya kukosea. Nilipotia disketi yangu na kufungua tena, samaki alikuwepo. Mwenye akili angejiuliza. Mimi niliamini kuna mtu anamtoa, halafu akiona nimegundua anamrudisha.

Siku ya mwenye hoteli nilivaa sketi ya kanisa. Alikuja saa nne, mtu mnene mpole, akaketi, na mwalimu akafungua ukurasa wangu kwa kompyuta yake ya mezani, ile kubwa. Maandishi yalikuja. Rangi ya maji ikaja. Na katikati, vijisanduku vitupu, na alama nyekundu.

Baba, nilisimama. Nikasema kwa sauti uliyotumia siku ile ya Odhiambo kwenye steji, sikujua hata kama ninayo. Nikasema nimeibiwa. Nikasema samaki yule ni wa baba yangu, na nilijua tangu mwanzo, na watu wa mji huu hawaachi kitu cha maskini. Mwenye hoteli akatazama viatu vyake. Mwalimu Zainabu hakupandisha sauti. Alivuta ushungi wake vizuri akauliza, "Disketi yako iko wapi?"

Niliitoa kifuani. Ilikuwa na joto. Akaitia kwenye mashine, akafungua ukurasa tena, na ngege wako akaogelea kutoka upande mmoja hadi mwingine, bila haraka.

Nikuelezee, kwa sababu ilibidi nielezwe mara mbili. Ukurasa haubebi picha. Unabeba maelekezo tu, kwamba picha iko mahali fulani, nenda kaichukue. Na mimi kwa mkono wangu nilikuwa nimeandika ichukuliwe kwenye disketi. Kwa hiyo kila nilipotoka na disketi nilitoka na samaki. Aliyekuwa akimtoa chumbani kila jioni ni mimi.

Mwenye hoteli aliaga kwa heshima akamchagua mtu mwingine. Sikumlaumu, ingawa yule mtu mwingine nitamchunguza bado. Nilibaki nimeinama pale kwenye kiti. Nilitaka sakafu ipasuke. Mwalimu alichemsha chai, akanipa, akaniambia neno moja: "Kitu umeficha mwenyewe, usikitafutie mwizi."

Nilishuka ngazi nikaanza kutembea kwenda nyumbani, na kabla sijafika Kaloleni miguu yangu ikasimama yenyewe. Nilikuwa nimekumbuka stenseli.

Unakumbuka. Ulikwenda matanga Sondu, ukamwachia Odhiambo duka na ufunguo. Ulirudi na malaria iliyokulaza wiki tatu, ukiita watu waliokufa zamani. Ulipopata nguvu ukaenda Kondele ukakuta stenseli zote hazipo, furushi zima, kazi ya tangu miaka ya themanini. Odhiambo alikuwa amekaa nawe miaka tisa. Alikuja kwako mtu mzima mwenye mke, amechoka kukata miwa, akaomba kujifunza. Ulimwita mwizi mbele ya steji nzima. Alivua aproni yake, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye ngazi, akaenda.

Akafungua kibanda chake ng'ambo ya barabara, na katika miaka yote hiyo hakuchora ngege hata mmoja. Mimi nilisema ni ujanja, anazificha mpaka wizi usahaulike. Akili ya tuhuma haikosi jibu.

Na siku ya mazishi yako alikuja. Hilo hukuliona, au pengine uliliona. Alisimama kwenye geti, ameshika kofia. Ni mimi niliyemwendea Baba Mkubwa nikamwambia yule pale ndiye mwizi wa Baba. Wazee wakasema mtu aliyeachana na marehemu kwa ugomvi, na ugomvi haujaisha, asirushe udongo kaburini. Walimzuia kwa upole. Akasimama nje ya geti mpaka kaburi likajaa, kisha akavaa kofia akaondoka.

Basi siku ile ya aibu nilijiuliza barabarani: mimi nilificha samaki wangu kifuani. Baba, asiyemwamini mtu, akisafiri, angeficha wapi? Kwake mwenyewe. Na kwenye duka lile kitu gani kilikuwa wewe mwenyewe kama si bango lenye jina lako?

Lile bango tunalo. Mama amelifanya rafu ya sufuria jikoni. OGOLA, MWANDISHI WA MABANGO, KAZI SAFI. Nililishusha. Mama akapiga kelele, "Usinivunjie hiyo mbao! Baba yako alisema isitoke kwa hii nyumba!" Unalijua lilivyo, mbao mbili nyembamba juu ya fremu, katikati uwazi. Nilifungua skrubu nne za nyuma kwa kisu cha mboga. Ndani mlikuwa na gazeti, na ndani ya gazeti furushi limefungwa kwa mpira wa tyubu, fundo lako, lile la kupitisha mara mbili. Ulikuwa umezificha humo kabla ya matanga, na homa ikakusahaulisha.

Mama aliketi chini. Akaokota skrubu moja moja akazifunga kwenye kona ya leso.

Stenseli ya ngege ilikuwa ya juu kabisa. Nilikuwa nimesahau kwamba uliikata kwenye filamu ya eksirei. Niliichomoa bila kugusa fundo, nikaiinua dirishani nione kama imepasuka, na mwanga ulipopita nikaona mbavu. Zile zako, za siku ulipoanguka kwenye ngazi. Mbavu zako zote, pamoja na ule uliovunjika, na katikati ya kifua tundu lenye umbo la samaki. Niliibusu, Baba. Nasema wazi. Niliibusu ile plastiki.

Kesho yake nilimpelekea Odhiambo. Alikuwa akiandika nambari kwenye mlango wa pikapu. Nilimpa furushi, nikamwambia lilikokuwa, nikamwambia naomba msamaha kwa niaba yako na kwa niaba yangu. Hakulifungua. Alilitazama lile fundo. Kisha akaniuliza swali moja, "Siku ile nilisimama kwa geti, uliniona?"

Nikasema nilimwona. Sikumwambia kwamba ni mimi niliyemwendea Baba Mkubwa. Akatikisa kichwa, akaendelea kuandika nambari yake, ila tarakimu moja aliirudia mara tatu.

Nilikwenda tena, na tena. Mara ya nne alikubali nimpeleke ghorofani kwa Mwalimu Zainabu aone ngege. Alipanda, akasimama mbele ya kompyuta, mikono nyuma. Nikamwambia ashike kipanya. Akakataa. "Mkisema nimeharibu? Mimi sigusi kitu ya mtu." Mwalimu akamtazama, akanitazama mimi. Hapo ndipo nilipoelewa tulichomfanyia. Kila akiingia mahali pa watu, Baba, anaweka mikono nyuma. Miaka yote hii. Kule kwetu uchoraji ni mikono, na yeye anatembea ameificha ili asije akashukiwa.

Nikamwambia samaki hana jicho. Nikamwambia Mzee alisema mwenyewe akuje kwanza.

Alijipangusa vidole kwenye suruali, kimoja kimoja. Akashika kipanya kama anashika yai. Mshale ukazungukazunguka, ukapotea, ukarudi, ukamgusa ngege. Jicho likafunguka. Odhiambo akasema polepole, "Ako sawa," lile neno ulilokuwa ukilisema wewe ukishuka ngazi. Halafu akatoka nje kwenye baraza akakaa huko mpaka chai ikapoa.

Sasa ya kwako. Nimekuhurumia katika barua hii yote, acha nikuulize kama binti yako. Wiki ya mwisho hospitalini, ulipokuwa hata uji humezi, ulimshika Mama mkono ukamwambia, "Ile mbao isiuzwe, isichomwe, isitoke kwa nyumba." Tulidhani ni mapenzi ya kazi. Siku hizi nikiosha vyombo na kuitazama, nashuku. Ulikuwa umekumbuka? Ulikumbuka uliziweka humo, ukaona aibu kumwita mtu uliyemvua heshima mbele ya steji, ukaona afadhali tuje tuzipate wenyewe? Kama hukukumbuka, nisamehe kwa kukushuku. Kama ulikumbuka ukanyamaza, nakupenda vile vile, lakini nimekasirika, na hasira hiyo sitaificha ndani ya mbao yoyote.

Kazi ya samaki sasa iko kwenye mashine ya mwalimu, picha na ukurasa pamoja, na nakala nyingine anayo Odhiambo, ambaye hana kompyuta. Disketi ameitundika kibandani kwenye msumari, mahali kila mpita njia anaiona. Nilitaka kumwambia aifiche. Nikajizuia.

Jambo la mwisho. Msalaba wako niliuandika mimi, jina lako, na chini yake ngege mdogo. Sikumwekea jicho. Watu walidhani nimesahau. Sikusahau. Ni sheria yako: mwenye kazi alipaswa kusimama mbele, na wewe ulikuwa umelala.

Nimekwisha kuzungumza na Baba Mkubwa. Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno tunakuja, mimi, Mama na Odhiambo. Geti litakuwa wazi. Atachukua udongo wake aliokatazwa, aurushe, na hakuna atakayemshika mkono. Nakuahidi hilo. Kisha nitampa brashi, ile moja niliyobakiza, na rangi nyeupe na nyeusi, na jicho atakuwekea yeye.

Wewe tulia tu, usimkane.

Binti yako,
Atieno